Kwa pikipiki hadi Burundi: mpaka ambao Livingstone hakuukuta

Wadau, kwa wiki kadhaa sasa kijiweni kwetu Kigoma kuna hoja moja tu: kuvuka kwenda Burundi asubuhi kwa pikipiki na kurudi kabla ya giza. Pikipiki zenyewe ni Honda XL na Yamaha DT, zile ndefu zenye matairi ya meno ambazo wengi wetu tulizijua kwa mabwana shamba na watu wa miradi. Njia ni Mwandiga, Kalinzi, Manyovu, kisha Mugina upande wa pili, Mabanda, na kuteremka hadi ziwani pale Nyanza-Lac. Lami ya kwenda Manyovu ipo, lakini raha tunayoitafuta iko pembeni ya lami, kwenye njia za vumbi zinazopanda na kushuka katikati ya migomba na kahawa.

Katika kupanga, kila swali dogo limenirudisha kwenye historia. Kwa nini ukifika Mugina unahama kutoka kushoto kwenda kulia mwa barabara? Kwa nini Manyovu ikiwa saa tatu asubuhi, ng'ambo ni saa mbili, na jua ni lile lile? Na kwa nini watu wa pande mbili, Waha na Warundi, wanaelewana kwa lugha zao bila mkalimani lakini wanahitaji hati kutembeleana?

Tuanze na wasafiri maarufu. Kila mwanafunzi anajua kwamba Stanley alimkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871. Kinachosahaulika ni kilichofuata. Tarehe 16 Novemba 1871 wawili hao walipanda mtumbwi hapo Ujiji wakaelekea kaskazini, wakipita chini ya milima ambayo leo ni Hifadhi ya Gombe. Walitaka kujua kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka, maana kama ungetoka, huenda Tanganyika ingekuwa chanzo cha Nile. Wakaukuta unaingia. Safari nzima ilichukua siku 28.

Kusini kidogo ya Bujumbura, mahali paitwapo Mugere, kuna jiwe kubwa lililochongwa majina yao na tarehe 25 Novemba 1871. Wapo wanaoamini kwamba hapo ndipo walipokutana. Hapana. Walikutana Ujiji, Mugere walilala tu. Kwa hiyo Ujiji ina mnara wake na Mugere ina jiwe lake, na katikati kuna mpaka wa kimataifa ambao wenyewe hawakuuona kwa sababu haukuwapo. Walikuwapo watemi wa Uha na mwami wa Burundi, na mipaka ya watawala hao ilijulikana, lakini haikuwa mstari huu.

Hata Wajerumani hawakuuweka kama tunavyoujua. Mwami Mwezi Gisabo alipolazimishwa kukubali himaya yao kwa mkataba wa Kiganda mwaka 1903, Burundi ikawa sehemu ya koloni lile lile la Afrika Mashariki lenye Kigoma na Dar es Salaam. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, haikujengwa kwa ajili ya mawese na dagaa wetu peke yake. Ilikuwa ndiyo njia ya kufikia ziwa zima, pamoja na Rwanda na Burundi. Kigoma tunaiita mwisho wa reli, ila kwa waliochora ramani ulikuwa mlango.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyoukata mlango huo vipande viwili. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao Graf von Götzen, ambayo baadaye Waingereza waliiibua na kuiita Liemba, wakaondoka. Wabelgiji kutoka Kongo wakaingia Kigoma. Naam, mji huu ulitawaliwa na Wabelgiji kwa karibu miaka mitano! Mwaka 1919 Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji walikubaliana kwamba Rwanda na Burundi ziwe za Ubelgiji na sehemu iliyobaki iwe ya Uingereza. Mwaka 1921 Wabelgiji wakakabidhi Kigoma. Hapo ndipo mpaka wa ndani ya koloni moja ulipogeuka kuwa mpaka wa madola mawili. Kule wakaendesha kulia kama Ubelgiji, huku tukaendesha kushoto kama Uingereza. Mwendesha pikipiki atakayesahau hilo akitoka Mugina atakumbushwa na lori la kwanza.

Lakini Wabelgiji hawakuondoka mikono mitupu. Kwa mkataba wa 1921 walipewa sehemu za bandari za Kigoma na Dar es Salaam, zikaitwa Belbase, wazikodi milele kwa faranga moja kwa mwaka. Faranga moja! Mwaka 1961, siku chache kabla ya uhuru, Nyerere alitamka kwamba Tanganyika haitafungwa na mkataba huo, kwa sababu Mwingereza hakuwa na mamlaka ya kutoa ardhi yetu kwa muda usio na mwisho.

Hapa ndipo ninapotaka tufikiri pamoja. Makubaliano ya miaka ile yalituachia urithi wa aina mbili, bandari iliyokodishwa na mstari wa mpaka. Wa kwanza Nyerere aliukataa. Wa pili aliutetea: azimio la nchi za OAU la Julai 1964 mjini Cairo, la kuheshimu mipaka iliyokutwa wakati wa uhuru, lilipendekezwa na Tanzania. Wengine wataona ni kujipinga. Mimi naona alijua kwamba kukataa pango kunamuudhi Mbelgiji, lakini kukataa mipaka kungeweza kuwapiganisha Waafrika wenyewe kwa wenyewe. Hesabu ile ilikuwa sahihi. Hata hivyo gharama yake ililipwa na mtu wa mpakani, na bado analipa.

Tazama miaka iliyofuata. Mwaka 1972 mauaji ya Burundi yalileta wakimbizi kwa makumi ya maelfu. Mwaka 1993 Rais Ndadaye aliuawa, wakaja wengine. Machi 1995 Tanzania ilifunga mpaka. Mwaka 2014 serikali yetu ilitangaza kuwapa uraia wakimbizi wa 1972 na watoto wao wapatao 162,000, tendo ambalo nchi chache duniani zimelithubutu. Mwaka mmoja baadaye, Mei 2015, kijiji cha Kagunga kilicho kando ya ziwa jirani kabisa na mpaka kilifurika Warundi wanaokimbia, kipindupindu kikaingia, na ile ile Liemba ikawa inawabeba kuwaleta Kigoma.

Ndiyo maana karatasi zina uzito huku kuliko kwingine. Katika kundi letu tuko watano. Wanne tunabishana kuhusu mafuta na pampu ya kujazia upepo. Wa tano, Muha wa Manyovu, yeye kwanza ametafuta cheti cha kuzaliwa cha baba yake, akakiweka kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kitambulisho cha taifa na hati ya kusafiria. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Anasema lafudhi yake inatosha kuzua maswali akiwa anarudi nchini kwake mwenyewe. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2007. Jumuiya itakuwa imefika kweli siku huyu jamaa atakapopanga safari kwa kuanza na pampu kama sisi.

Basi mpango wetu ni huu. Mugere hatufiki, ni karibu kilomita 200 kwenda tu, na ukivuka mpaka mara mbili siku imekwisha. Mwisho wetu ni Nyanza-Lac. Tutaondoka alfajiri na matangi yamejaa, maana Burundi imesumbuliwa mno na uhaba wa mafuta miaka hii ya 2020. Kila mmoja atakuwa na hati yake, kadi ya pikipiki, leseni, na bima ya kadi ya njano ya COMESA. Saa tutaziacha kwenye saa ya Kigoma, kwa sababu ile saa moja unayopewa ukivuka unanyang'anywa ukirudi.

Na njia za panya, hata ziwe tamu vipi kwa matairi ya meno, hatupiti. Tutagonga muhuri Manyovu na Mugina kama watu wengine. Vumbi tutalila kabla na baada. Anayetaka kuwa wa sita alete pampu yake, ya kwetu inavuja.