Ufa Ulioanzia Ndani

Baba alipewa dakika kumi za kujieleza. Mbele yake, juu ya meza iliyotandikwa gazeti, kulikuwa na kipande cha chuma kilichokatwa kwa gesi kutoka kwenye bogi la behewa la mizigo. Mwenyekiti wa kamati aligusa kwa ncha ya kalamu sehemu moja nyeusi ya kipande kile, akauliza: "Huu ni ufa wa zamani au mpya?" Baba akajibu kwamba ni wa zamani. "Na wewe ndiye uliyelikagua behewa hili mara ya mwisho?" Baba akakubali. Mwenyekiti akafunga faili, akasema methali ambayo tangu siku ile haikutamkwa tena nyumbani kwetu: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Nilikuwa darasa la sita. Shirika lile sitalitaja, wala mji wetu wa stesheni. Hakuna aliyekufa, mabehewa manne ya mahindi yaliacha reli kwenye kona, na watu wa vijiji vya jirani wakala ugali wa bure mwezi mzima. Lakini Baba, aliyekuwa mkaguzi wa mabehewa kwa miaka 19, alihamishiwa stoo kuhesabu magunia na makopo ya rangi, na miaka miwili baadaye akastaafishwa. Nyundo yake ya kukagulia magurudumu ilibaki nyuma ya mlango wa jikoni. Mama aliitumia kuvunjia mkaa.

Mimi si mhandisi. Nafundisha historia sekondari, na kwa muda mrefu niliamini kwamba historia ni mambo ya wafalme, mikataba na vita. Kile kipande cha chuma ndicho kilichonirudisha shule. Nilitaka kujua jambo moja tu: je, Baba angeweza kuuona ufa ule?

Behewa la mizigo halikai moja kwa moja juu ya magurudumu. Kila mwisho wake umelala juu ya bogi, kigari kifupi chenye ekseli mbili na magurudumu manne. Bogi la aina aliyokuwa akikagua Baba lina vipande vikubwa vitatu: fremu mbili za ubavu, moja kila upande, na boriti moja inayokatiza kati yake. Boriti imekalia springi, springi zimekaa katika uwazi ulio katikati ya fremu, na ncha mbili za fremu zimekalia beringi za ekseli. Ukiitazama kwa pembeni, fremu ya ubavu ni daraja dogo. Nguzo zake ni magurudumu mawili, na mzigo wake ni robo ya behewa zima.

Muundo huu ulienea Marekani, Urusi, China na kwingineko kwa sababu unavumilia njia mbovu. Kila fremu hupanda na kushuka peke yake, kwa hiyo gurudumu moja likikuta bonde, mengine hayanyanyuki. Ila uvumilivu huo una gharama. Springi ziko juu ya fremu, si chini yake, na kila pigo la reli huifikia fremu kabla ya kufika kwenye springi yoyote. Reli zikiwa na urefu wa mita 12, safari ya kilomita 1,200 ina viungo 100,000 upande mmoja, na kila kiungo kinaigonga fremu mara mbili, kwa gurudumu la mbele kisha la nyuma. Ule mdundo unaowabembeleza abiria wakalala ndio unaoichosha fremu.

Fremu za zamani hazikuwa kipande kimoja. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, reli za Marekani zilitumia fremu za vyuma bapa: kimoja kimepindwa kama upinde kwenda juu, kingine kimepindwa kwenda chini, cha tatu kimenyooka na kufunga kwa chini, vyote vikishikwa na bolti ndefu zilizopita kwenye masanduku ya beringi. Zilikuwa rahisi kutengeneza na rahisi kufungua. Ila bolti zililegea kwa mtikisiko, nati zikadondoka njiani, na vyuma vikapasuka pale vilipopindwa. Kila stesheni kubwa ilihitaji watu wa kupita na spana wakikaza.

Nikiwasoma wakaguzi wale wa zamani nilimwona Baba. Kazi yao ilikuwa ngumu, lakini ilikuwa ya haki: kasoro ilikaa nje. Bolti iliyolegea huonekana, na ukiigusa hucheza. Mkaguzi aliyeiacha hakuwa na la kujitetea.

Kisha akaja William P. Bettendorf. Alizaliwa mwaka 1857 katika mji wa Mendota, jimbo la Illinois, na kabla ya reli alikuwa mbunifu wa zana za shamba: kwanza plau, baadaye magurudumu ya chuma ya mikokoteni. Mwanzoni mwa karne ya 20 kiwanda chake kilihamia Gilbert, kijiji kilicho ukingoni mwa mto Mississippi katika jimbo la Iowa, na mwaka 1903 kijiji kikachukua jina lake. Pale ndipo fremu yake ilipopata umaarufu. Wazo lake halikuwa kutafuta bolti bora. Aliziondoa. Fremu nzima, pamoja na masanduku ya beringi, ilisubiwa kwa chuma cha pua katika kalibu moja. Hakuna cha kukaza, hakuna cha kudondoka. Bettendorf alifariki mwaka 1910, lakini umbo alilolitangaza ndilo ambalo Baba alilimulika kwa tochi miongo mingi baadaye, kwenye yadi iliyo mbali sana na Iowa.

Kampuni za reli hazikuhama kwa siku moja. Kulikuwa na fremu ya mpito, iliyoitwa Andrews, ambayo yenyewe ilisubiwa lakini masanduku yake ya beringi yalifungwa kwa bolti kama zamani, ili yale yaliyokwisha nunuliwa yaendelee kutumika. Hesabu za stoo nazo ni sehemu ya historia ya uhandisi. Fremu za vyuma bapa ziliendelea kuonekana hadi mwanzoni mwa miaka ya 1940, zilipokatazwa kwenye mabehewa yanayopita kutoka reli ya kampuni moja kwenda ya nyingine.

Hapo ndipo niliposimama muda mrefu. Fremu ya kusubu ni nzuri kuliko ile ya bolti, na hakuna fundi atakayekuambia vinginevyo. Lakini udhaifu haukutoweka pamoja na bolti. Ulihama. Ulitoka nje, mbele ya macho ya mkaguzi, ukaingia ndani ya chuma.

Kwamba chuma kinaweza kubeba ugonjwa kimyakimya lilikuwa jambo linalojulikana tayari. Tarehe 8 Mei 1842, treni iliyokuwa ikirudi Paris kutoka kwenye sherehe za Versailles ilivunjika ekseli ya injini ya mbele. Mabehewa yakarundikana, moto ukashika, na milango ilikuwa imefungwa kwa nje. Watu zaidi ya 50 walikufa. Ekseli ile haikuwa imezidiwa mzigo siku ile. Baadaye Mjerumani August Wöhler, mhandisi wa reli huko Prussia, alitengeneza mashine za kuzungusha na kukunja ekseli maelfu kwa maelfu ya mara, na akaonyesha kwamba mzigo mdogo, mdogo kabisa kuliko ule unaoweza kuivunja ekseli kwa mara moja, utaivunja ukirudiwa vya kutosha. Wahandisi wanauita uchovu wa metali.

Uchovu hauanzi popote tu. Nguvu inayopita ndani ya chuma hufanana na maji ya mfereji: panaponyooka yanapita taratibu, penye kona kali yanasongamana. Katika fremu ya ubavu kona mbaya zaidi iko karibu na magurudumu, pale uwazi unaokalia beringi unapogeuka kwa ndani kuelekea katikati ya fremu. Mzigo ukishuka, kona hiyo hujaribu kufunguka. Ukipungua, hufumba. Hufunguka na kufumba hivyo kwa kila kiungo cha reli, miaka nenda miaka rudi.

Na kona hiyohiyo ndiyo inayomsumbua msubu. Ili iwe nyepesi, fremu husubiwa ikiwa na mvungu ndani, kama boksi, kwa kuweka viini vya mchanga ndani ya kalibu. Chuma kilichoyeyuka hunywea kinapopoa. Kuta nyembamba huganda kwanza. Mahali ambapo kuta mbili au tatu hukutana ni panene, kwa hiyo huganda mwisho, na wakati huo hakuna tena chuma cha majimaji cha kujaza nafasi. Panabaki vitundu, vidogo kama vya mkate. Kiini cha mchanga nacho kikisogea kidogo, ukuta mmoja unakuwa mwembamba na mwenzake mnene, na kwa nje fremu inaonekana nzima, imepakwa rangi, ina namba yake na mwaka wake wa kusubiwa.

Hivyo udhaifu wa umbo na udhaifu wa kalibu hukutana kwenye kona moja, upande ambao jicho halifiki.

Ushahidi mkubwa zaidi wa jambo hili niliupata Urusi. Bogi liitwalo 18-100, lililobuniwa enzi za Kisovieti, lilibeba mizigo ya nchi zile kwa miongo mingi. Mwishoni mwa miaka ya 2000 na mwanzoni mwa miaka ya 2010, fremu zake zilianza kuvunjika zikiwa njiani, moja baada ya nyingine, hasa wakati wa baridi kali. Mahali pa kuvunjika palikuwa palepale, kwenye kona ya ndani ya uwazi wa beringi, ambayo wahandisi wao huitaja kwa nusukipenyo cha mviringo wake: milimita 55. Tena nyingi hazikuwa kuukuu. Zilikuwa zimetoka kiwandani miaka michache tu kabla. Wakaguzi walikuwepo, na walizipita.

Mtu angedhani dawa ni kuongeza chuma kwenye kona. Mbunifu akiongeza unene, kweli nguvu inapungua kwa kila milimita ya mraba. Lakini pale palipoongezwa unene ndipo patakapochelewa kuganda, na vitundu vitaongezeka. Dawa ya mmoja ni maradhi ya mwenzake. Kwa hiyo kuboresha fremu ya ubavu kumekuwa kazi ya hatua ndogondogo: kuupanua mviringo wa kona ili nguvu igeuke polepole, kuufanya unene ubadilike kidogo kidogo badala ya ghafla, kupanga mahali pa kumimina chuma ili sehemu nene zipate cha kunywa hadi mwisho. Siku hizi kompyuta hupiga hesabu zote mbili kabla kalibu haijatengenezwa, ya mzigo na ya kupoa. Kisha fremu za mfano hufungwa kwenye mashine inayozigonga mpaka zivunjike au zifikishe idadi ya mapigo iliyowekwa. Wöhler angeitambua mashine hiyo bila kuelezwa.

Wazungu wa Ulaya walijaribu njia nyingine: bogi la Y25, lililoanzia Ufaransa, lina fremu ya kuchomelea na springi zake ziko karibu na beringi. Lakini mchomeleaji yeyote wa mtaani atakuambia ufa huanzia wapi kwenye kazi yake. Huanzia pembeni ya mshono.

Mwaka jana nilikwenda nyumbani na karatasi zangu. Baba ana miaka 81. Tulikaa barazani, nikamchorea kona ile kwa kalamu. Nikamwuliza kile kipande cha mezani kilikuwaje hasa, kwani kwenye ripoti kuna maneno matatu tu: "ufa wa zamani".

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema weusi ulikuwa kama nusu mwezi, umeegemea upande wa mvungu. Kati ya weusi ule na rangi ya nje palikuwa na utepe wa chuma kinachong'aa, upana wa kidole gumba.

"Ulipokuwa ukin'gaa hivyo, Baba, ndipo palipokatika siku ileile. Ufa ulikuwa haujatoka nje."

"Najua," akasema. "Niliwaambia. Hawakuandika."

Halafu akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Usiku ule wa ukaguzi betri za tochi yake zilikuwa dhaifu. Aliomba mpya stoo, zikakosekana, akakagua hivyohivyo. Kwenye kamati hakulisema, wala Mama hakumwambia hadi anafariki. Miaka yote hii, kumbe, alikuwa akiwatetea wenzake kwa sauti na kujihukumu mwenyewe kimoyomoyo.

Nikamwambia kwamba tochi nzuri ingemulika rangi tu. Nyundo pia isingesaidia: gurudumu lenye ufa hubadili sauti, lakini fremu iliyolaliwa na tani za mahindi haiimbi. Alitikisa kichwa polepole. Sijui kama aliniamini.

Alichukua kalamu mkononi mwangu, akaitazama kona niliyoichora. "Siku hizi wanaweka mviringo wa ngapi?"

Nikamwambia inategemea na kiwanda, ila wameupanua.

Akaweka karatasi juu ya goti, akachora kona yake mwenyewe, pana zaidi, akipitisha kalamu mara mbili, mara tatu palepale.