Jinsi corona ilivyozima muziki wa usiku nchini

BIASHARA ya burudani ya usiku ilikuwa miongoni mwa za kwanza kufungwa nchini Kenya baada ya ugonjwa wa Covid-19 kuthibitishwa Machi 13, 2020, na miongoni mwa za mwisho kurejea katika hali ya kawaida.

Mnamo Machi 22 mwaka huo, aliyekuwa Waziri wa Afya, Bw Mutahi Kagwe, aliagiza mabaa yote yafungwe. Siku tano baadaye, kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri ilianza kutekelezwa.

Agizo hilo lilitokana na jinsi maradhi yenyewe yanavyoenea. Ukumbi wa densi hauna madirisha wazi, watu husongamana, na kelele za muziki humlazimu mtu kumkaribia mwenzake na kupaza sauti ili asikike.

Mabaa yaliruhusiwa kufunguliwa tena Septemba 29, 2020, lakini yalitakiwa kufunga saa nne usiku. Kwa mwenye klabu, nafuu hiyo ilikuwa ndogo kwa kuwa wateja wake huanza kumiminika saa hizo hizo. Kodi ya nyumba nayo haikungoja.

Machi 26, 2021, Rais Uhuru Kenyatta aliyafunga upya mabaa katika kaunti za Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru. Yalifunguliwa Mei, ila kwa masharti ya kufunga saa moja jioni.

Walioumia zaidi ni wale wasio na mkataba wa ajira: wanamuziki wa bendi, wacheza santuri, mafundi wa mitambo, mabaunsa na wahudumu, ambao wengi hulipwa kwa usiku waliofanya kazi. Mirabaha pia iliathirika, kwani sehemu yake hutozwa kumbi zinazocheza muziki. Serikali ilitangaza msaada wa Sh100 milioni kwa wasanii mnamo Aprili 2020.

Baadhi ya wasanii walihamishia maonyesho yao kwenye runinga na intaneti. Mashabiki walitazama, lakini hakukuwa na kiingilio cha mlangoni.

Kafyu iliondolewa Oktoba 20, 2021, Sikukuu ya Mashujaa, baada ya takriban miezi 19. Ngoma zililia tena hadi alfajiri, ingawa si kila aliyefunga milango mwaka wa 2020 aliyerudi kuifungua.