Makapi-mlo: kinachoipa oti sifa

Mwenye lehemu nyingi kwenye damu akienda kwa daktari siku hizi huambiwa ale oti, kwa kuwa "zina nyuzinyuzi". Akifika madukani Kigoma mjini atauziwa kopo lililotoka ng'ambo. Akifungua kamusi ataambiwa oti ni shayiri, jina lile lile la nafaka ambayo wakulima wa Monduli na Karatu huilimia viwanda vya bia. Mimea hiyo ni miwili, lakini mkanganyiko huo hauna madhara makubwa, maana yote miwili ina bitaglukani, aina ya makapi-mlo ambayo ndiyo hasa inayoshusha lehemu.

Makapi-mlo ni sehemu ya vyakula vya mimea ambayo vimeng'enya vyetu haviwezi kuisaga. Dhana hii ilikomazwa na madaktari waliofanya kazi Afrika Mashariki. Hugh Trowell alitibu Kenya na Uganda kwa takribani miaka 30. Denis Burkitt alikuwa mpasuaji Kampala. Waliona kuwa kufunga choo, kisukari na maradhi ya moyo, yaliyozoeleka Uingereza, yalikuwa adimu miongoni mwa wagonjwa wao wa vijijini, wakayahusisha na nafaka iliyokobolewa mno. Mwaka 1972 Trowell akaipa istilahi hiyo fasili iliyoenea duniani.

Kwa Kiswahili majina ni matatu. "Ufumwele" limebaki kamusini. "Nyuzinyuzi" ndilo la magazetini na mitaani, nalo linafaa kwa kinachonasa menoni ukila embe. Kwa oti linapotosha. Chemsha oti kwa moto mdogo, kisha inua mwiko: uji unavutika na kuteleza, wala huoni uzi hata mmoja. Bitaglukani imeyeyuka majini. Utelezi wa bamia nao ni makapi-mlo ya kuyeyuka, na mpishi anayeukamua na kuumwaga anamwaga dawa. "Makapi-mlo", neno la wataalamu wa lishe, linabeba ya kuyeyuka na yasiyoyeyuka pamoja. Kasoro yake ni kwamba makapi mashineni ni chakula cha kuku, lakini huko ndiko yanakopotelea kila tunapokoboa mahindi ili tupate sembe nyeupe.

Utelezi huo ukifika utumboni hunasa nyongo na kutoka nayo chooni. Ini hulazimika kutengeneza nyongo nyingine, na malighafi yake ni lehemu, ambayo huichota kwenye damu. Pia sukari huingia mwilini polepole, jambo lenye faida kwa mwenye kisukari. Mwaka 1997 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu watengenezaji waitangaze oti kuwa inaweza kupunguza hatari ya maradhi ya moyo, kwa kipimo cha gramu 3 za bitaglukani kwa siku. Kipimo hicho hupatikana katika gramu 75 hivi za oti kavu, na hushusha lehemu mbaya kwa asilimia chache tu. Ni msaada, lakini hauchukui nafasi ya vidonge alivyoandika daktari.

Je, asiyemudu kopo? Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za makapi-mlo kwa siku, na si lazima zitoke kwenye oti. Maharage ya Kasulu hayana bitaglukani, lakini yana makapi-mlo ya kuyeyuka yanayosaidia pia kushusha lehemu. Ugali wa dona unashinda wa sembe. Samaki kama dagaa na migebuka, kwa utamu wao wote, hawana makapi-mlo hata chembe, kwa hiyo wapewe maharage, bamia au mchicha pembeni.

Kuhusu mawese tuambizane ukweli: yana karotini nyingi, lakini karibu nusu ya mafuta yake ni ya aina inayopandisha lehemu. Anayekunywa uji wa oti asubuhi, kisha mchana akakaangia mawese bila kipimo, anajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine.