Modemu Ilisingiziwa

Waulize waliotumia intaneti ya simu ya waya miaka ya tisini ikielekea kuisha. Kila mmoja ana wa kulaumu: kompyuta kuukuu, modemu feki, mvua. Hiyo ya mvua sisi wa Kenyenya hatuwezi kuipinga, maana huku hainyeshi kwa mapumziko, na waya wa shaba ukiingia maji kwenye viungio, laini inaanza kukwaruza.

Fundi mzuri alianza na sikio. Anainua simu, anasikiliza. Kukiwa na kelele, anachomoa faksi na simu ya chumba cha pili, kisha anaufuata waya mpaka nje. Alikuwa sahihi kabisa, kwa sababu modemu mbili zikikutana hupima laini kwanza, na ikiwa chafu zinakubaliana kwenda polepole. Ile 56 iliyoandikwa kwenye boksi ilikuwa kilobiti, yaani kilobaiti 7 kwa sekunde, tena siku njema. Laini ikishuka hadi 28, picha ya megabaiti moja inachukua karibu dakika tano, na muda wote huo simu inahesabu pesa.

Sasa fundi amemaliza, laini ni safi, na bado mambo yanasota. Hapa ndipo watu hawakuambiwa ukweli.

Kabla ya mwisho wa 2000, kampuni za intaneti za Kenya hazikuwa na mahali pa pamoja pa kubadilishana data humu nchini. Wewe uko Kisii mjini, rafiki yako yuko Nairobi kwa kampuni nyingine: barua pepe yako ilipanda setilaiti, ikaenda Marekani au Ulaya, ikapanda tena kurudi. Setilaiti hizo ziko kama kilomita 36,000 juu, na kupanda na kushuka mara moja ni robo sekunde. Hesabu kwenda, kurudi, na jibu nalo lizunguke vivyo hivyo: karibu sekunde nzima, hata kabla modemu yako haijahusika. Mzunguko huo ulilipiwa, na njia ya kwenda nje ilikuwa haki ya Telkom Kenya peke yake.

Novemba 2000 kampuni hizo zikafungua KIXP jijini Nairobi, data ya Kenya ibaki Kenya. Ilidumu kama wiki mbili! Telkom Kenya ikalalamika, na CCK, iliyosimamia mawasiliano, ikaamuru ifungwe. Ilifunguliwa tena Februari 2002.

Hebu fikiria, zaidi ya mwaka mzima dawa iko, imefungiwa kwa barua ya ofisi, na huku saiba fundi anaitwa kila wiki kukaza waya. Mimi hiyo inaniuma kuliko mvua yote ya Gusii.

Kama ulitumia intaneti ya simu ya waya miaka hiyo, niambie: ilipokwama, ulimlaumu nani?