Mlango wa Shule ya Misheni: Nani Alipita, Nani Atapita?

Kila ifikapo mwezi wa Januari, katika kata ya Isansa wilayani Mbozi, kama ilivyo katika kata nyingine za mkoa wa Songwe, fedha ya kahawa huwa na wadai wengi. Mbolea inadai, paa la nyumba linadai, mgonjwa naye anadai. Na juu ya hao wote husimama mdai mmoja asiyekubali kuahirishwa: ada ya mtoto aliyepata nafasi katika sekondari ya bweni inayoendeshwa na Kanisa Katoliki. Mzazi akiuliza kwa nini ahangaike kiasi hicho na shule ya kata ipo karibu bila ada, jirani humjibu kwa neno moja tu: "Kule wanafaulu."

Jibu hilo si la uongo, lakini ni fupi mno. Shule hizi zina historia ndefu, na asiyeijua historia hiyo hawezi kujua anachokinunua, wala mwalimu anayeomba kazi huko hawezi kujua anaingia katika nyumba ya namna gani. Leo basi tuitazame historia hiyo.

Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifungua misheni yao Bagamoyo mwaka 1868. Wanafunzi wao wa mwanzo hawakuwa watoto wa machifu wala wa matajiri. Walikuwa watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Walifundishwa sala, kusoma na kuandika, lakini pia kilimo, useremala na kazi nyingine za mikono. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza shule ya misheni ilikuwa na sura mbili: ilitafuta waumini, na papo hapo ilimpa riziki mtu ambaye ulimwengu ulikuwa umekwisha kumtupa.

Mfano ulio wazi kuliko yote haupo mbali sana na sisi wa nyanda za juu. Upo Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, katika mkoa ambao leo ni Katavi. Huko alifika mwaka 1889 kijana mmoja aitwaye Adrian Atiman. Alikuwa ametekwa utumwani huko Afrika Magharibi akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadri Weupe nchini Algeria, kisha akasomeshwa utabibu katika kisiwa cha Malta. Alitibu watu wa Karema mpaka alipofariki mwaka 1956. Hesabu mwenyewe: ni miaka 67 ya kazi. Huyo ndiye mtaalamu aliyetokana na shule ya misheni kabla nchi yetu haijawa na chuo chochote cha udaktari.

Huku kwetu kusini magharibi Wakatoliki hawakuwa wa kwanza. Wamoraviani waliingia Rungwe mwaka 1891, na Mbozi nayo ikapata misheni yao mwishoni mwa karne hiyo ya 19. Kwa upande wa Wakatoliki, eneo la kimisionari la Tukuyu liliundwa mwaka 1932, Mbeya ikawa jimbo mwaka 1953, na mwaka 2018 ikapandishwa kuwa jimbo kuu. Mahali ambapo madhehebu mawili yalishindania kijiji kimoja, kijiji kilipata shule mbili. Mahali ambapo hapakuwa na misheni, watoto walichunga ng'ombe. Tusilisahau jambo hili, maana litarudi.

Baada ya vita vya kwanza vya dunia, Waingereza walikuta shule nyingi ndogo zilizojengwa kwa miti na nyasi, zikifundishwa na makatekista. Sheria ya elimu ya mwaka 1927 ikaweka utaratibu wa ruzuku: shule iliyosajiliwa na kuwa na walimu wenye cheti ilisaidiwa na serikali. Mwaka uliofuata, 1928, mjumbe wa Papa, Askofu Arthur Hinsley, aliwakusanya maaskofu wa Kikatoliki Dar es Salaam. Aliwaambia kwamba pale wasipoweza kufanya yote mawili, yaani kujenga makanisa na kuimarisha shule, waiache kazi ya makanisa nyuma na kuzishughulikia shule kwanza. Ni neno zito kutoka kinywani mwa askofu. Hapo ndipo ualimu wa misheni ulipoanza kuwa kazi yenye cheti na mshahara.

Mwalimu mashuhuri kuliko wote aliyepita katika shule hizo mnamfahamu. Julius Nyerere alipomaliza Makerere mwaka 1945, waandishi wa maisha yake wanasimulia kuwa aliitwa na pande mbili. Serikali ilimtaka shule yake ya Tabora na kumkumbusha habari za mshahara bora na pensheni. Padri Richard Walsh alimtaka Mtakatifu Maria, Tabora hiyo hiyo. Akachagua misheni. Alifundisha hapo mpaka mwaka 1949 alipokwenda kusoma Edinburgh, na aliporudi akafundisha Mtakatifu Fransisko, Pugu, hadi alipojiuzulu mwaka 1955 ili aishughulikie TANU.

Sasa basi, mwalimu huyo huyo wa shule za misheni ndiye aliyekuwa Rais pale Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilipopitishwa, na shule za mashirika ya dini zilizokuwa zikipata ruzuku zikachukuliwa na serikali. Pugu ikawa ya serikali. Chuo cha Marian cha Morogoro, kilichojengwa na masista wa Maryknoll, kikawa sekondari ya wasichana ya Kilakala.

Je, ilikuwa ni kukosa shukrani? La hasha. Nimesema kwamba jambo la misheni kufuatana na mahali litarudi, na limerudi. Nchi ilipopata uhuru, maeneo yenye misheni nyingi na kahawa, kama Kilimanjaro na Bukoba, yalikuwa yametangulia mbali, na watoto wa Kiislamu pamoja na watoto wa mikoa iliyosahauliwa walikuwa nyuma. Taifa lisingeweza kuendelea kugawa nafasi za kazi kwa kufuata ramani ya parokia. Walimu wakawa watumishi wa serikali, na mtoto wa dini yoyote akaweza kupangwa shule yoyote.

Lakini kila uamuzi una upande wake wa pili. Seminari hazikuchukuliwa. Kwa miaka mingi baada ya hapo, mlango uliobaki wazi wa sekondari ya Kikatoliki ulikuwa ni ule wa seminari ndogo, nao ulikuwa wa wavulana. Wazazi wengi walipeleka vijana huko wakijua fika kwamba si wote watakaopata upadri. Dada zao walibaki na mlango mwembamba zaidi, labda wa nyumba za watawa. Hasara hiyo ya wasichana haijazungumzwa vya kutosha.

Mambo yakabadilika tena. Mwezi Februari 1992 serikali ilitia sahihi mkataba wa makubaliano na makanisa kuhusu elimu na afya. Sera ya Elimu ya mwaka 1995 ikapanua uwanja wa shule binafsi. Nyegezi, Mwanza, chuo ambacho sisi wa habari tunakijua kwa stashahada zake za uandishi, kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino mwaka 1998. Baadaye vyuo vya Kikatoliki vikaenea, Mbeya ikiwamo. Shule ya wasichana ya Mtakatifu Fransisko, Mbeya, ikawa ya kwanza kitaifa katika matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2018. Wasichana walioachwa nje mwaka 1969 wakarudi kwa kishindo.

Hata hivyo, ndugu msomaji, mlango wa leo una bawabu mpya. Wa kwanza alikuwa dini. Wa pili, baada ya 1969, alikuwa wito wa upadri. Wa sasa ni ada. Serikali ilifuta ada ya sekondari za umma hadi kidato cha nne kuanzia mwaka 2016, na kidato cha tano na sita kuanzia mwaka 2022. Shule ya Kanisa haina ruzuku ya zamani; chakula, mabweni na mishahara hutoka mfukoni mwa mzazi. Shule iliyoanza Bagamoyo kwa mtoto asiye na kitu imekuwa, bila mtu yeyote kukusudia, shule ya mtoto mwenye baba mwenye kitu.

Na mwalimu je? Kijana mwenye shahada akiajiriwa na shule ya Kanisa huingia kwa mkataba, na michango yake hupelekwa NSSF. Mwenzake wa serikalini yuko PSSSF, na ajira yake ni ya kudumu. Haishangazi kwamba wengi huifanya shule binafsi kuwa kituo cha kungojea basi: ajira za serikali zikitangazwa, huondoka katikati ya muhula, na kidato cha nne kikabaki bila mwalimu wa fizikia. Nyerere aliikataa pensheni mwaka 1945, lakini si haki kujenga shule kwa kutegemea kila mwalimu awe Nyerere.

Nini kifanyike? Kwanza, wenye shule wampe mwalimu mkataba wa maandishi unaoeleweka na michango inayolipwa kwa wakati. Nidhamu inayosifiwa katika shule hizi huletwa na mwalimu anayekaa. Pili, tangu Januari 2024 mtaala mpya una mkondo wa amali. Misheni zilifundisha useremala na uashi kabla neno amali halijaingia katika sera. Zina karakana na uzoefu. Zisikimbilie alama za darasani peke yake. Tatu, wakulima. Wachagga walitumia sehemu ya fedha za kahawa, kupitia ushirika wao wa KNCU ulioanzishwa mwaka 1933, kusukuma elimu ya watoto wao. Mbozi ina kahawa na ina vyama vya msingi. Shilingi chache katika kila kilo, zikiwekwa mfuko mmoja na kusimamiwa kwa uwazi, zinaweza kumsomesha mtoto hodari wa Isansa ambaye baba yake hana miche ya kutosha, awe Mkatoliki, Mmoraviani au Mwislamu.

Elimu ni bahari, wahenga walisema. Lakini hata bahari huanzia ufukweni, na ufukwe usizungushiwe uzio wa ada peke yake.