Kenda, Tisa na Kimo cha Kilimanjaro

Mgeni anayefika Moshi siku isiyo na mawingu hutajiwa upesi namba 5,895. Hicho ndicho kimo cha Kibo kwa mita, kama kilivyopatikana katika upimaji wa Waingereza wa mwaka 1952. Hans Meyer, aliyefika kileleni mwaka 1889, alikadiria zaidi ya mita 6,000. Upimaji wa setilaiti wa mwaka 1999 ulitoa 5,892. Wapimaji waendelee na kazi yao. Mimi nitaishughulikia namba hii kama inavyotamkwa.

Tukizidisha 9 kwa 5, kisha kwa 131 ambayo ni namba tasa, tunapata 5,895. Tarakimu zake zikijumlishwa ni 27, nayo hugawanyika kwa 9 bila baki. Kanuni hii hufundishwa shuleni, mara nyingi bila sababu yake. Sababu ni kwamba kumi, mia na elfu, kila moja ikigawanywa kwa tisa, huacha baki ya moja. Kwa hiyo, tunapotafuta baki, elfu tano ni sawa na tano, na mia nane ni sawa na nane. Kiswahili kinakaribia kuuthibitisha ukweli huo chenyewe: ondoa elfu na mia, utabaki na tano na nane.

Kikwazo ni tisini. Neno hilo la Kiarabu limeficha kumi lililomo ndani yake, ilhali makumi tisa, au makumi kenda, hulidhihirisha. Kenda ni tisa ya Kibantu. Kamusi zetu zingali zinalihifadhi, na katika Kichaga, huko juu ya Moshi, tisa hutajwa kwa neno la asili hiyohiyo. Saba ya kale nayo imejificha katika fungate, zile siku saba za maarusi.

Wako wanaodai kwamba Kiswahili kiliazima hesabu kutoka kwa Waarabu. Dai hilo linachanganya majina na muundo. Mwarabu husema “tano elfu” na “tano na tisini”, kwa mpangilio wa lugha yake. Sisi husema elfu tano, kama tusemavyo watu watano, na tisini na tano, kama kumi na tano. Biashara ya pwani ilileta maneno. Maneno hayo yakapangwa kwa sarufi iliyokuwapo. Tano na nane, zilizomo katika namba yetu, hazikung’olewa kamwe.

Nikumbushe pia kwamba sifa hii ya kugawanyika kwa tisa si ya mlima. Kimo cha mwaka 1999, yaani 5,892, kina jumla ya tarakimu 24: hugawanyika kwa tatu, lakini si kwa tisa. Na anayepima kwa futi hupata 19,340, ambayo hata kwa tatu haigawanyiki.