Uzi: "Tumefunza vijana." Sawa, lakini bila kozi wangekuwa wapi?

Kila msimu wa siasa ukifika tunasikia yale yale. Mmoja anapanda jukwaani anasema mradi wake umefunza maelfu ya vijana. Mwingine anajibu pesa za wafadhili zimeliwa. Sisi huku mtandaoni tunagawanyika pande mbili, tunatukanana hadi usiku wa manane, kisha tunalala. Leo sitaji mtu wala chama. Nataka tuongee kuhusu hesabu yenyewe, kwa sababu makosa yake yalishafanywa na wengine kabla yetu.

Nianze na nyumbani. Binamu yangu alisoma kozi fupi ya ususi iliyolipiwa na ruzuku. Miezi kadhaa baadaye akapigiwa simu: "Wiki iliyopita ulifanya kazi yoyote ya kukuletea pesa?" Alikuwa anamsaidia mama yake kuuza mboga sokoni, kazi aliyoianza akiwa darasa la saba. Akasema ndio. Simu ikakatwa. Kwenye ripoti ya mtu fulani, kozi ile ilimpa kazi.

Hakudanganya, na aliyempigia pia hakudanganya. Swali ndilo lilikuwa bovu.

Sasa tuende Marekani, maana huko ndiko hii vita ya kupima imepiganwa kwa muda mrefu zaidi. Mwaka 1962 serikali kuu ilipitisha sheria ya kugharamia mafunzo ya kazi. Njia rahisi ya kupima ilikuwa hii: chukua mapato ya mtu kabla ya kozi, chukua mapato baada ya kozi, toa. Jibu linapendeza, mkubwa anapiga picha.

Halafu mwaka 1978 mchumi anaitwa Orley Ashenfelter akachapisha utafiti uliotumia rekodi za mapato za watu walioingia kwenye mafunzo hayo. Aligundua kwamba mapato yao yalikuwa yameporomoka muda mfupi kabla ya kuanza kozi. Ukifikiria ni jambo la kawaida kabisa. Nani hutafuta kozi? Aliyefutwa kazi juzi. Na mtu kama huyo, wengi wao hupata kitu kingine baada ya muda, kozi iwepo isiwepo. Kwa hivyo ukilinganisha kabla na baada tu, unajipa sifa za kitu ambacho kingetokea chenyewe.

Hapo ndipo mambo yakanoga. Mwaka 1982 wakaandika sheria mpya ya mafunzo, na safari hii pesa zikaambatanishwa na matokeo. Kituo kilipimwa kwa asilimia ya waliomaliza wakiwa na kazi, kwa mshahara wao na kwa gharama ya kila aliyeajiriwa. Ukifanya vizuri unapewa nyongeza. Kwenye karatasi, safi sana.

Lakini vituo vikajifunza mchezo. Mwanafunzi alihesabiwa tu siku anapoondolewa rasmi kwenye daftari, kwa hivyo asiye na kazi angeweza kubakizwa humo hata kama amemaliza kujifunza, wakingoja labda apate kitu. Watafiti Pascal Courty na Gerald Marschke waliandika kwa kina kuhusu ujanja huu wa tarehe. Kukawa pia na kishawishi cha kuchagua walio karibu kupata kazi tayari na kuwaacha wagumu. Sisi tuliosoma Kenya hatuhitaji kufafanuliwa. Ni shule ile inayomwambia mwanafunzi dhaifu akasajili mtihani kwingine ili wastani usianguke.

Kati ya 1987 na 1989 wakaamua kupima kwa njia nyingine. Waombaji zaidi ya 20,000 katika maeneo 16 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakakubaliwa, wengine wakaambiwa wasubiri miezi 18. Kisha mapato ya makundi yote mawili yakafuatiliwa. Watu wazima walipata nafuu ya kiasi. Vijana walioacha shule hawakupata nafuu yoyote ya kuonekana. Bunge likakata sehemu kubwa ya bajeti ya vijana. Baadaye James Heckman na wenzake wakaonyesha kwamba vile vipimo vya haraka vilivyokuwa vikigawa nyongeza havikusema chochote cha maana kuhusu faida ya kozi kwa muda mrefu. Yaani kituo kilichozawadiwa si lazima ndicho kilichosaidia.

Huku kwetu? Watu husema mambo haya ni ya Wazungu, lakini mwaka 2008, Kenya ikiwa ndiyo inatoka kwenye ghasia za uchaguzi, mradi ulianza upande wa Busia. Vijana 2,163 waliomba, na 1,055 wakapata vocha ya karo ya ufundi kwa bahati nasibu. Wengine vocha yao ilikuwa ya taasisi za serikali tu, wengine waliruhusiwa hata za binafsi, na hawa wa mwisho ndio waliojiandikisha zaidi. Wengi walienda kusoma, hilo halina ubishi. Lakini kwa jumla mapato yao hayakuonekana kuwapita wale waliokosa vocha. Dalili ya faida ilionekana tu kwa waliokuwa kwenye kazi ya mshahara.

Ninajua mtaniambia: bahati nasibu ni ukatili, mbona umnyime kijana kozi ndio upime? Kusema kweli, pesa zikiwa chache kuna mtu atanyimwa tu. Leo anayenyimwa ni yule asiyejua mtu ofisini. Heri anyimwe kwa kura ya wazi, angalau tujue kama kozi inafanya kazi.

Na simaanishi mafunzo yafutwe kama walivyokata Wamarekani. Pale Busia vijana walionyeshwa pia takwimu kwamba fundi wa magari hupata zaidi ya msusi, na baadhi ya wasichana wakaanza kuvutiwa na kozi za kiume. Bila kupima, nani angejua hilo linawezekana?

Binamu yangu bado yuko sokoni. Nilimuuliza wakipiga simu tena angetaka waulize nini. Akasema, "Waniulize napata ngapi sasa, halafu wamuulize jirani aliyekosa ile nafasi."

Maswali wekeni hapa chini. Nina mtihani kesho asubuhi, nitajibu jioni.